Kiti Kisichopenda Kukaliwa

Baba yangu alikuwa fundi wa kawaida mwenye akili timamu, mpaka siku ile mteja mmoja alipomwita msanii.

Kabla ya hapo alikuwa anatengeneza mageti, madirisha na mabanda ya kuku, anakula, analala, anakoroma kama watu wengine. Kisha akaja mama mmoja mwenye miwani mikubwa kuulizia geti. Akamwona bundi juu ya rafu. Bundi huyo baba alimuunga kwa viatu vya farasi vilivyochakaa na nati mbili za macho, siku ambayo wateja waliadimika na mikono ilikuwa inamwasha. Yule mama akamzunguka bundi, akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule, akasema, "Hii ni sanaa. Wewe ni msanii." Akaondoka na bundi. Geti akalisahau.

Tangu hapo nyumba yetu haijapona. Baba akaanza kuchomelea akiwa amevaa skafu. Kwenye joto lile, mbele ya cheche, skafu. Siku iliposhika moto aliizima kwenye ndoo, akaikausha, akaivaa tena na tundu lake. Akaanza pia kuandika herufi za jina lake kwa moto wa mashine kwenye kila kitu anachotengeneza: vitundikio vya makoti, vinara vya mishumaa, stuli, jogoo. Aliziandika hata kwenye banda letu la kuku. Kuku wetu wakawa viumbe wa kwanza katika ukoo kuishi ndani ya kazi ya sanaa, na maoni yao waliyaacha palepale juu ya herufi.

Mimi ndiye mwenye grinda. Nilipomaliza sekondari nilisema napumzika kidogo huku nikiangalia mbele, na nilipoangalia mbele nikakuta mgongo wa baba umeinamia mashine. Basi nikabaki. Kazi zangu ni kusugua kutu, kung'oa misumari iliyong'ang'ania kwenye matundu ya viatu, na kumchokoza baba. Hiyo ya mwisho naifanya kwa moyo zaidi.

Viatu vyenyewe tunaletewa na kaka yake mama, ambaye mtaa mzima unamwita Mjomba Kwato. Yeye ndiye anayewavalisha farasi viatu kwenye mazizi ya shule ya kupanda farasi, ng'ambo ya barabara kuu. Kiatu kikiisha anakibandua, anagongelea kipya, na kile kikuukuu kinaingia kwenye gunia letu. Mjomba akija, harufu inatangulia kupiga hodi.

"Mjomba, leo umekuja na farasi mwenyewe?"

"Farasi anaogeshwa kila siku, mpwa wangu. Mimi nani aniogeshe?"

Ana sheria moja ambayo haina mjadala. Kiatu cha mguu wa mbele ni cha mviringo. Cha mguu wa nyuma kimechongoka kidogo, kama yai. Kwenye stuli au kiti, viatu vya mbele vikae mbele na vya nyuma vikae nyuma. "Ukichanganya," anasema bila hata kutabasamu, "kitu kitatembea kinyumenyume." Baba huwa anamcheka, lakini sijawahi kumwona akichanganya.

Sasa tuje kwa bibi, mama yake baba, maana kiti kilikuwa chake.

Magoti ya bibi yaligoma. Akiwa amesimama yuko sawa kabisa: anashika fimbo yake na kufika hadi getini kutukana watu. Akiwa amekaa pia yuko sawa. Tatizo ni ile safari ya katikati. Kutoka kukaa hadi kusimama lazima mtu amshike mkono, na bibi yangu ni mtu ambaye angependelea umshike pua.

Chumba chake kinapakana na karakana, na dirisha lake linatazama meza ya kazi. Kutoka pale ndipo anapoendesha biashara ambayo baba anadhani ni yake. "Wewe wa shati la bluu! Hilo geti unalishikashika hivyo, unalioa?" Wateja wengine wanakuja kwa ajili ya kutukanwa tu. Mimi ananiita mke mwenza, kwa sababu babu alipokuwa hai aliniita mke wake mdogo, na bibi hajawahi kunisamehe.

Basi siku moja sofa lilimmeza. Mama ni muuguzi, alikuwa zamu. Mimi na baba tulikuwa karakana, mashine inanguruma, grinda inapiga kelele. Bibi alikaa baada ya chai ya asubuhi, akataka kusimama, akaita. Akaita tena. Tulipozima mashine mchana ili tule ndipo nikasikia sauti fulani nyembamba, kavu, ambayo mwanzoni nilidhani ni bawaba. Nikaingia ndani mbio. Alikuwa palepale, gauni limelowa.

"Mke mwenzangu," akasema, "sofa limekunywa chai yangu."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Kisha nikaenda nyuma ya banda la kuku, nikamalizia huko yale ambayo hayakuwa kicheko.

Habari zikamfikia Baba Mkubwa. Huyo ni kaka yake baba, mtu wa ofisini, ana nyumba yenye vigae vinavyong'aa mpaka unaona chini ya kidevu chako, na mke, Mama Mkubwa, ambaye makochi yake bado yana nailoni za dukani. Alipiga simu, na kwa vile bibi anaamini simu husikia vizuri ukiipigia kelele, nyumba nzima ikahudhuria kikao.

"Mama, chumba kiko tayari. Kuna msichana wa kukusaidia. Nimenunua na kengele."

"Kengele? Mimi mbuzi?"

"Mama, ulikaa kwenye mkojo nusu siku!"

Bibi akanyoosha gauni magotini. Kisha akasema polepole, "Njoo Jumamosi. Nitakaa kwenye kiti mbele yako. Nikishindwa kusimama bila mkono wa mtu, nibebe na sanduku langu, sitasema neno. Nikisimama, usinitajie tena hicho chumba chako maishani."

Baba Mkubwa hajawahi kumshinda mama yake kwa maneno tangu azaliwe. Akakubali haraka, kabla bibi hajabadilisha mawazo.

Bibi akakata simu, akageukia dirishani. "Haya, msanii. Nitengenezee kiti."

Na baba akatengeneza. Tulimwaga gunia zima la Mjomba sakafuni, tukachagua. Miguu ikawa viatu vilivyopandana, kimoja juu ya kingine. Mgongo ukawa viatu vilivyofungamana kama watu walioshikana mikono. Mikono ya kuegemea ikawa mipana, ya kujisukumia. Nitasema ukweli hata kama utamvimbisha kichwa: kilikuwa kizuri.

Lakini chuma kina tabia zake. Ukikichoma kinalainika, kikipoa kinajivuta kuelekea pale ulipokichoma. Ndiyo maana kwanza unashikiza kila kiungo kwa tone dogo la moto, halafu unachoma huku kidogo, kule kidogo, kama mtu anayegawia nyama watoto wenye wivu. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo, tena kwa kunipigia kelele. Sasa, amefika kwenye miguu ya mbele, nani anaingia? Mama wa bundi. Na marafiki zake, na simu za kupigia picha.

"Baba," nikamwambia, "geuza kiti, uchome na upande wa pili."

"Usinikatize. Niko kwenye hisia."

Akarekebisha skafu. Akachoma mguu wa kwanza kwa upande wa ndani, kutoka juu hadi chini bila kupumzika, cheche zikawarukia wageni vizuri. Wageni wakasema "Ooo!" Akahamia mguu wa pili, vilevile. "Ooo!" Chuma chenyewe hakikusema kitu. Kilikuwa kinasubiri waondoke.

Asubuhi yake baba alienda kufunga geti kwa mteja. Mimi na Mjomba tulipokiangalia kile kiti, miguu ya mbele ilikuwa imejikunja kwa ndani na kiti chote kimeinama mbele, kama farasi anayetaka kunywa maji. Nikakaa kujaribu. Sikukaa. Niliteleza taratibu, kwa heshima zote, nikajikuta nimesimama.

"Hebu toka," Mjomba akasema. Akakaa kwa kishindo cha mtu anayejua wanyama, na kiti kikamtua chini kwa magoti. Akajifuta vumbi. "Hiki bado hakijazoeshwa watu."

"Nileteeni," sauti ya bibi ikasema kutoka dirishani.

"Bibi, kinatupa watu."

"Nimeona. Nileteeni."

Tukakiingiza ndani, tukamkalisha. Akaweka mikono kwenye vyuma vya pembeni, akaegemea mbele kidogo tu. Makalio yakaanza safari. Miguu ikapokea uzito pole pole, magoti yakatetemeka, yakafikiri, yakakubali. Bibi akawa amesimama.

Akageuka nyuma kwa hasira. "Nani amenisukuma?"

Hakukuwa na mtu. Mimi nilikuwa mlangoni, Mjomba dirishani.

Akakaa tena. Akasimama tena. Akakaa, akasimama, kama mtu aliyewekewa geti jipya anavyolifungua na kulifunga hata kama hana pa kwenda. Alipochoka alikuwa anahema na kucheka na kufuta macho, vyote pamoja, na akanikataza nisimtazame.

Hapo ndipo tulipokosea. Baba ukimwambia kazi yake imepinda, anakaa bubu siku kadhaa, kisha anaivunja na kuanza upya. Jumamosi ilikuwa inakaribia. Basi tukakubaliana tumwambie tu kwamba bibi amekipenda kiti na kinamsimamisha. Kwa nini kinamsimamisha, tusiseme. Sisi ni familia ambayo kila kinachofika mdomoni kinatoka, lakini siku hiyo moja tukaamua kuwa na adabu. Adabu ndiyo iliyotuponza.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa zamu, Mjomba yuko mazizini, bibi anaoga, mimi niko sokoni nabishana na muuza vitunguu. Baba akabaki peke yake na kiti. Alitaka kukipaka vanishi tu, anasema. Lakini ndugu yake mkubwa anakuja, na ndugu huyo, kila akifika kwetu, huita kazi ya baba "vyuma chakavu". Basi baba akachukua pima maji, akaiweka juu ya kiti. Kile kiputo cha hewa ndani yake kikakimbilia mwisho kama mwizi.

Nilipofika getini na kapu langu, gari la Baba Mkubwa lilikuwa limeshaegeshwa. Sebuleni wote walikuwa wamekaa. Bibi alikuwa kwenye kiti, Mama Mkubwa ndiye aliyemkalisha. Kiti kilikuwa kinang'aa. Kilikuwa kimenyooka kama askari wa gwaride.

Bibi akaniangalia. Nimemjua maisha yangu yote, na hayo macho sikuwahi kuyaona. Yalikuwa ya mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta.

"Kaka," baba alikuwa anasema, kifua mbele, "weka pima maji popote. Kiputo hakitikisiki. Asubuhi nimekata miguu ya mbele, nimeinyoosha, nimeunga upya. Huku kidogo, kule kidogo. Mama alikuwa anasimama kwenye kiti kibovu, sasa fikiria kwenye kizima!"

"Ni kizuri, mdogo wangu," Baba Mkubwa akasema, na nadhani alimaanisha. Kisha akamgeukia bibi. "Haya, mama. Tulikubaliana."

"Sijala," bibi akasema.

Tukala. Bibi alikula kwa kasi ya kobe anayesoma gazeti.

"Mama, umemaliza."

"Natafuna."

"Unatafuna nini? Mdomo mtupu!"

"Kwani wewe ulipokuwa mdogo nilikuwa naingiza kichwa mdomoni mwako kuangalia?"

Akaomba maji. Akaomba mengine, ya kwanza yalikuwa baridi. Akamwuliza Mama Mkubwa habari za dada zake, mmoja mmoja, na wajukuu wa dada zake. Katikati ya maswali hayo, wakati hakuna aliyemtazama ila mimi, alishika vyuma akajisukuma. Vidole vilibadilika rangi. Mwili haukupanda hata unene wa karatasi. Akaachia, akanyoosha kitambaa magotini.

"Nilikuwa napanga gauni," akaniambia, ingawa sikuwa nimeuliza.

Nikasimama. "Baba, njoo karakana. Mashine inatoa moshi."

Kumbe Mjomba alikuwa amefika, ananawa kwenye ndoo. Nilifunga mlango, nikamwambia baba yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza kwa uso wa mtu anayesomewa mashtaka ya mwenzake.

"Lakini kilikuwa kimepinda," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Sasa hakijapinda."

"Ndiyo, baba. Ndiyo tatizo lenyewe."

Akakaa kwenye stuli. "Kwa hiyo kilichokuwa kinamsimamisha mama si kazi yangu. Ni uzembe wangu."

"Uzembe wako umefanya la maana kuliko yule bundi."

Mjomba akakohoa ndani ya taulo. Baba hakucheka. Nilijua kinachofuata: ububu, siku kadhaa. "Nikakipinde mbele ya kaka?" akasema kwa sauti ndogo. "Huyo atanicheka mpaka nizikwe, halafu aje acheke na makaburini."

Dirisha la karakana lilikuwa wazi, na kupitia chumba cha bibi tukamsikia huko sebuleni. Alikuwa anawasimulia jinsi Baba Mkubwa alivyokwama kwenye mtungi wa maji alipokuwa mtoto. Ni hadithi ya kuchekesha. Lakini aliisimulia kwa sauti iliyopanda kidogo kuliko inavyotakiwa, nyembamba, iliyokauka pembeni. Ilikuwa sauti ya siku ya sofa.

Baba aliitambua. Niliona alipoitambua, kwa sababu alivua skafu akaitupa juu ya gunia la mkaa kwenye kona.

"Shemeji," akamwambia Mjomba, "nichagulie viatu vya nyuma. Kushoto na kulia."

"Tukamtoe kwanza, tukikate tena?" nikauliza.

"Tukimtoa tumemshika mkono. Ameshindwa papo hapo." Alikuwa ameshawasha mashine. "Miguu ya mbele hatuigusi. Tunainua ya nyuma. Kilikuwa kimeinama kiasi gani?"

Hakuna aliyekuwa amepima. Nikafumba macho, nikakumbuka kiti kabla hakijanyooshwa, mbele ilivyokuwa chini kuliko nyuma. "Ngumi," nikasema. "Ngumi yangu, si yako."

"Na kidole," Mjomba akaongeza. "Mimi nilianguka, najua."

Baba akapanga viatu kimoja juu ya kingine mpaka vikafika ngumi na kidole, akashikiza, akachoma huku kidogo, akageuza, akachoma kule kidogo. Hakuna cheche za kuonyesha watu. Rundo la kushoto, rundo la kulia. Akayatumbukiza kwenye ndoo yakapiga kelele kama paka wawili, na tukaingia nayo sebuleni bado yanafuka mvuke.

"Nini hicho?" Baba Mkubwa akauliza.

"Viatu," baba akasema.

"Vya nani?"

"Vya kiti."

Mjomba hakusalimia mtu. Alikigeuzia kiti mgongo, akainama, akauinua mguu wa nyuma akaubana katikati ya mapaja yake, vilevile anavyowafanya farasi, na bibi yuko juu amekamatia vyuma.

"Tulia," Mjomba akasema kwa ile sauti yake ya zizini. "Tulia, tulia, mrembo."

"Unamwambia nani? Mimi au kiti?"

"Kiti, mama. Wewe nakuogopa."

Baba alipiga magoti kwenye zulia, mbele ya ndugu yake, akasukuma rundo la kwanza chini ya mguu. Maji machafu yakachuruzika. Mama Mkubwa akainua miguu yake juu ya kochi bila kuvua viatu, kitu ambacho kwake angemfukuzia mtu. Wakahamia mguu wa pili. Mjomba akapigapiga kiti ubavuni, kwa mazoea tu, akasogea pembeni.

Kiti kikawa kimeinama mbele tena.

"Hapana, hapana," Baba Mkubwa akasema. "Huu ni udanganyifu."

"Na hiyo miwani uliyovaa," bibi akasema, "ndiyo macho niliyokuzaa nayo?"

"Mama, tulisema bila mkono wa mtu!"

"Umeuona mkono? Mimi sikusema bila mguu wa farasi."

Baba Mkubwa akamgeukia baba. Kile kicheko chake nilikiona kabisa, kimeshajipanga kwenye midomo. "Mdogo wangu, wewe si umesema kiti kimenyooka? Sasa hiki kimepinda."

"Ndiyo, kaka," baba akasema, bado yuko magotini. "Kimepinda. Nimekipinda mimi."

Sidhani kama mtu mwingine mle ndani alijua sentensi hiyo ilikuwa na uzito gani. Mimi nilijua. Ningembeba mgongoni kama asingekuwa na mafuta ya mashine.

Bibi aliegemea mbele. Hakuna kilichotokea. Akaegemea tena, makalio yakaanza kuteleza, yakasimama njiani. Magoti yakatetemeka. Mikono ya baba ikachomoka yenyewe kwenda kumdaka, na mimi nikaipiga kofi, paa, mbele ya wageni.

"Usiguse!"

"Ataanguka!"

"Usiguse, baba!"

Vyuma vikalia kidogo. Bibi akapumua kupitia puani, akasema neno ambalo siwezi kuliandika hapa, na akapanda. Alipanda polepole mpaka hapakuwa na pa kupanda tena. Akasimama pale, kitambaa kimeanguka, mikono hewani, hajashika kitu.

Hakuna aliyepiga makofi. Bibi akachukua fimbo yake, akatembea hadi kwa Baba Mkubwa, akachukua kipande cha nyama kilichobaki kwenye sahani yake, akakitia mdomoni.

"Hiki nilikitamani tangu mwanzo," akasema. "Sasa ndio natafuna."

Baba Mkubwa alivua miwani akaifuta. Akaendelea kuifuta muda mrefu kuliko uchafu wake. "Mama, nilikuwa naogopa tu," akasema. "Ile siku… ungekaa mpaka lini?"

"Najua, mwanangu." Bibi alimshika bega, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha. "Ogopa tu. Lakini uogopee huko kwako. Na ile kengele niletee."

Aliileta. Baba aliitundika juu ya grinda yangu, mbele ya uso, akaifunga kamba ndefu inayopita dirishani mpaka kwenye mkono wa kiti. Grinda ikiwa inapiga kelele siisikii, lakini naiona inavyocheza. Ilikusudiwa kwa dharura. Hadi sasa dharura zimekuwa chai, chai, ndizi, umbea, na kunitaarifu kwamba kuna kijana mzuri amesimama getini na mimi nina masizi usoni.

Yale marundo ya nyuma baba aliyachomelea moja kwa moja. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa hakutaka kuandika herufi zake. Nikisema, anajifanya anatafuta koleo. Mpaka bibi alipotoa kichwa dirishani.

"Kuku wana herufi," akasema. "Mimi nimewakosea nini?"

Baba akakipindua kiti miguu juu. Akawasha mashine, akaandika kwa chini, kwenye tumbo la kiti.

"Huko nani ataziona?" nikamwuliza.

"Anayestahili," akasema, na kwa jinsi alivyosema nikajua amepona.

Mgeni wa kwanza kustahili alikuwa Baba Mkubwa. Alikuja kumsalimia mama yake, akamkuta yuko getini kazini, akakizunguka kiti, akasema anajaribu tu, kidogo. Mimi niliona. Baba aliona. Bibi aliona kutoka kule getini na akanyamazisha mteja ili asikie vizuri. Hakuna aliyesema kitu. Si tumeshasema sisi ni watu wa adabu?

Kiti kilimtua sakafuni bila ubaguzi wa cheo. Miwani ikaruka ikaingia uvunguni, akalala kifudifudi kuitafuta, akaipata, akaivaa akiwa hukohuko. Tukaona soli za viatu vyake zimetulia kama za mtu anayesoma.

"Mdogo wangu," sauti ikasema kutoka chini ya kiti, "hata herufi zako zimepinda."

"Ndiyo, kaka," baba akasema. "Nimezipinda mimi."